Samaki wa rangi ya fedha mwenye meno kama kasuku, nimemtoa karibu na Nyali Bridge, ni nani huyu?

Chubwi_la_Tudor (saa 10:05 jioni)

Assalam aleikum wavuvi wenzangu, naomba msaada wenu kwa haraka kidogo.

Leo nimetoka na hori ya ami yangu, saa kumi na mbili asubuhi nshatoka Junda, hapa Tudor Creek, Mombasa. Nlijua maji ni mafu, hayajai wala kupwa sana, mwezi wa angani ushafika siku ya 22, lakini hii ndo siku yangu pekee ya mapumziko wiki hii nikasema wacha niende tu, nikikaa nyumbani ntafanya nini. Mvua ya juzi imeshusha udongo wote wa mto Kombeni, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, ukitia mkono huoni kucha zako.

Nikaanza pembeni mwa mikoko, chambo ni kamba wabichi nlionunua Kongowea jana jioni. Masaa mawili mazima sikuguswa. Sisemi nliguswa kidogo, sikuguswa. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, limelala chini, mshipi umelegea mkononi, mkondo hakuna, hata yale majani makavu yanayoelea yalikuwa yamesimama palepale ubavuni mwa hori kama yananingoja. Mkizi wakiruka kule mbele vikundi vikundi lakini mkizi hana habari na kamba wangu. Mdiria mmoja katua juu ya mchu, mbele ya macho yangu akatoa visamaki vitatu kimoja baada ya kingine. Mimi mpaka saa nne maji yanajaa nina chaa wawili wa ukubwa wa kiganja, na kaa mmoja aliyeng'ang'ania chambo mpaka juu kisha akaachia.

Yalipoanza kupwa nikaiachia hori ishuke pole pole upande wa Nyali Bridge, pale maji yanapoanza kuwa ya kijani, nikatia nanga. Hapo mambo yakabadilika. Mshipi ukavutwa kwa nguvu, nikavuta, mara mwepesi. Kuangalia, si mshipi uliokatika, ni ndoano. Shina la ndoano limekatwa safi kama mtu katia koleo. Nikafunga nyingine nayo ikaenda. Ya tatu nikaweka ndoano kubwa na kipande cha waya, ndo nikamtoa wa kwanza, na baada ya dakika kama kumi wa pili.

Sasa huyu samaki mimi sijamuona maishani mwangu. Mrefu kama dhiraa, kiwiko mpaka ncha za vidole, uzito kilo na kidogo. Mgongo ni wa kijani cha kahawia una vidoa vyeusi vidogo vidogo vingi, ubavuni kuna mstari mpana wa fedha unang'ara kama sahani ya bati kutoka mdomoni mpaka mkiani, tumbo jeupe. Mkia umekatika katikati kama mwezi mwandamo. Macho makubwa. Mdomo mdogo lakini meno ni makubwa, yameshikana, yanafanana na mdomo wa kasuku. Alipokuwa ndani ya hori alikuwa akiyasaga nikiyasikia kabisa, krr krr.

Mmoja nimempa bi mkubwa jirani yangu, ndiye anayetukalia na watoto tukiwa kazini, huwa sirudi na samaki nikampita. Mwingine yuko kwenye friji sijampasua. Mke wangu auliza tumkaange ama tumpake nazi. Ni samaki gani huyu na nyama yake ikoje?

Kijana_wa_Mikindani (saa 10:12)

Kwa hiyo rangi ya fedha na mkia wa hivyo huyo ni kolekole bro. Kaanga na ndimu na pilipili, ugali pembeni, umemaliza maneno. Hongera, mi nimetoka jana Mikindani nikarudi na chambo changu.

Ummu_Salma (saa 10:19)

Kolekole gani mwenye madoa mgongoni na meno ya kasuku? Kolekole ana ule ukingo mgumu unaokwaruza karibu na mkia, na mkia wake ni panda mbili zilizochongoka. Mimi nimeuza samaki miaka mingi, na mtu akinambia meno yameshikana kama kasuku nafikiria watatu tu: pono, kikande au yule mwingine ambaye sitaki kumtaja mpaka nijibiwe. Pono ana magamba makubwa mazito. Kikande ngozi yake ngumu kama ya ngoma na mwili wake bapa.

Kaka, nijibu moja tu. Ukimpapasa kutoka mkiani kuja kichwani, magamba yako?

Nahodha_Mstaafu (saa 10:24)

Mwanangu, kabla hujasoma yaliyobaki, inuka uende kwa huyo bi mkubwa ukamchukue huyo samaki. Usimpigie simu, nenda wewe. Kama washaanza kupika waambie watoe sufuria motoni. Kama kuna aliyekula hata kipande, hospitali sasa hivi. Rudi ndo uendelee kusoma.

Huyo ni bunju.

Najua utasema bunju unamjua, yule wa mviringo anayevimba kama mpira watoto wakimchezea ufukweni. Huyu ni wa ukoo mmoja, lakini huyu ni wa maji makubwa, mwili wake mrefu, wang'ara, na ndo maana wengi anawadanganya, kwa sababu ukimuona ndani ya ndoo pamoja na samaki wengine wadhani ni samaki wa heshima. Wataalamu wamwita Lagocephalus sceleratus. Yuko Bahari Hindi yote hii mpaka Pasifiki, na anaweza kufika zaidi ya mita moja kwa urefu. Mambo manne uliyoyasema, kukata ndoano, vidoa mgongoni, mstari wa fedha na kusaga meno, yote ni yake.

Ukirudi, yule aliye kwenye friji mtazame hivi, lakini usimguse kwa mkono mtupu kama una kidonda. Meno yahesabu, mawili juu mawili chini, kuna mstari katikati. Halafu mgeuze tumbo. Changu, tewa, chaa, tafi, wote hao wana mapezi mawili tumboni chini ya kifua. Bunju hana, tumbo lote ni tupu. Tatu, angalia mashavu: samaki wa kawaida ana kifuniko unachoweza kukifungua kwa kidole ukaona nyama nyekundu. Bunju ana kitundu tu, kama kidirisha kidogo mbele ya pezi la ubavuni. Na magamba hana, ila tumboni utahisi vijimiba vidogo vidogo vikikukwaruza.

Nimeona watu wakitazama rangi tu. Rangi inabadilika samaki akifa. Meno na mapezi hayabadiliki.

Ummu_Salma (saa 10:27)

Ndiye huyo huyo niliyekuwa naogopa kumtaja. Ya Rabi, natumai umetoka kwenda.

Mshipi_na_Ndoano (saa 10:41)

Jamani tusiwatishe watu sana. Marehemu babu yangu alikuwa akila bunju, anatoa maini na mayai, anachuna ngozi, anaosha mara saba na chumvi na nyama ile nyeupe anaikaanga. Hakuwahi kuumwa. Na Wajapani je, si wanamla na wanalipia pesa nyingi? Ni kujua kutengeneza tu.

Dada_wa_Zamu (saa 10:58)

Kaka Mshipi, nakuheshimu wewe na marehemu babu yako, Mungu amrehemu, lakini hilo nikiliacha lipite ntakuwa nimefanya dhambi. Mimi ni muuguzi.

Sumu ya bunju inaitwa tetrodotoksini. Samaki mwenyewe haitengenezi, inatokana na bakteria na inajikusanya mwilini mwake kupitia vitu anavyokula, ndo maana bunju mmoja anaweza kuwa na sumu nyingi na mwenzake aliyevuliwa naye siku hiyo hiyo akawa na kidogo. Babu alikula wale wenye kidogo. Hakuna mtu jikoni anayeweza kujua ameshika yupi. Maini na mayai ndo yana nyingi zaidi lakini ngozi pia inayo, na kwa huyu wa fedha hata nyama yake inaweza kuwa nayo. Moto hauiui. Ukikaanga, ukichemsha, ukimfanya ng'onda juani, ukimweka friza mwezi mzima, sumu iko palepale. Kuosha mara saba hakuiondoi. Na hao wapishi wa Japani wanasomea na kupewa leseni kabla ya kumgusa, tena wana aina wanazoruhusiwa na aina wasizoruhusiwa.

Inavyoanza: midomo na ulimi kufa ganzi, kama mtu aliyechomwa sindano ya jino. Mara nyingi ni ndani ya dakika 20 mpaka masaa matatu. Halafu vidole vya mikono na miguu, mate mengi, kutapika, miguu inakosa nguvu, maneno hayatoki vizuri. Ikizidi misuli ya kupumua inasimama. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mgonjwa anaweza kuwa amelala pale hawezi kuinua hata kope na watu wanadhani kapoteza fahamu kumbe anawasikia wote.

Dawa ya kuiondoa sumu hii hakuna. Kinachookoa ni hospitali yenye mashine ya kupumulia, mtu akisaidiwa kupumua mpaka mwili uitoe wenyewe anaweza kupona kabisa. Kwa hiyo dakika zina maana. Msianze mambo ya maziwa na maji ya dafu, hayaiondoi, na mtu ambaye koo lishalegea ukimnywesha kitu kinaweza kwenda mapafuni. Mkiona ganzi ya midomo baada ya kula samaki, beba mtu mwende, na muelezeni daktari mgonjwa kala samaki gani na saa ngapi, kama kuna kichwa kimebaki kitieni kwenye mfuko mkiwa na glavu mwende nacho. Akiacha kupumua njiani mpulizieni pumzi mdomo kwa mdomo msiache mpaka mfike.

Mshipi_na_Ndoano (saa 11:06)

Nimekuelewa dada. Hilo la nyama sikulijua, kwetu tuliambiwa ni maini tu. Nyumbani kuna wadogo zangu wanaofuata hiyo ya babu, ntaongea nao leo leo.

Bahari_ya_Kale (saa 11:15)

Naongeza kidogo kwa sababu hadithi hii naipenda. Mwaka 1774 nahodha James Cook alifika kisiwa cha New Caledonia, wenyeji wakawauzia samaki wa aina hii hii ya bunju. Yeye na wale wanasayansi wawili aliosafiri nao walionja kipande tu cha maini na mayai. Usiku wakaamka miguu na mikono imekufa ganzi, Cook aliandika kwamba alikuwa hawezi kutofautisha kitu kizito na chepesi, chungu cha maji na unyoya vilikuwa sawa mkononi mwake. Wakatapika wakapona. Nguruwe wao aliyekula matumbo ya yule samaki asubuhi alikutwa amekufa. Ni kuonja tu huko.

Na huyu wa fedha sasa ni msiba wa watu wengine pia. Alipita mfereji wa Suez akaingia Mediterania, mwaka 2003 akaonekana Uturuki na tangu hapo amezaana mno, akitoboa nyavu na kula samaki waliomo ndani yake, mpaka serikali ya kule ikaanza kuwalipa wavuvi kwa kila mkia wanaouleta. Sisi huku alikuwepo siku zote, ana maadui wake na haendi kwa wingi hivyo, ndo maana mtu anaweza kuvua Tudor miaka mingi asimuone.

Chubwi_la_Tudor (saa 12:20 jioni)

Nimerudi. Alhamdulillahi, hakuna aliyekula. Samahanini nimechelewa kujibu, mikono bado yatetemeka.

Niliposoma ya Nahodha nilitoka bila viatu. Ni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nimeingia jikoni nimemkuta bi mkubwa amekaa juu ya mbuzi, nazi nusu ishakunwa, na samaki yuko kwenye ubao mbele yake. Ashampasua. Ananambia mwanangu samaki wako huyu wa ajabu, nimeparura kisu chateleza tu magamba hamna, nikasema labda ni wa ngozi kama papa. Maini ameyatoa, makubwa, rangi ya maziwa ya mtindi, ameyaweka kwenye kisahani pembeni. Ya paka. Paka mwenyewe alikuwa mlangoni amekunja mkia anangoja kuitwa. Na mwanangu mdogo, wa miaka minne, alikuwa amekaa kwenye mkeka na kijiko chake kwa sababu kila nikileta samaki yeye hula huko kwanza ndo aje ale kwetu.

Nlishindwa kusema kitu, nikachukua ubao mzima na kile kisahani nikatoka navyo nje. Bi mkubwa akadhani nimeingiwa na wazimu. Nikakaa naye nikamueleza pole pole, nikamsomea yote ya dada muuguzi, akanyamaza muda mrefu halafu akaniuliza, na huyu paka je angekufa? Nikamwambia ndiyo. Ndo akaanza kulia, na mimi nikalia.

Mikono yake ameosha kwa sabuni mara tatu, kisu pia, ile nazi ametupa japo haikugusana na samaki. Hana ganzi wala nini, nimemuuliza kila baada ya muda. Dada wa zamu, kuna la kuogopa kwa kumshika tu?

Yule wa friji nimemwangalia kama mlivyosema. Meno manne. Tumboni hana mapezi. Mashavu ni kitundu. Vijimiba viko. Na kitu kimoja ambacho sikukiandika mwanzo kwa sababu nilidhani ni shibe tu: alipotoka majini tumbo lilikuwa limejaa, si kama mpira, limetuna tu chini, halafu likapungua.

Dada_wa_Zamu (saa 12:31)

Alhamdulillahi rabbil alamin. Kushika tu kwa ngozi nzima hakuna shida, hasa akiosha vizuri kama alivyofanya. Shida ni mtu mwenye kidonda kibichi, au aliyeshika kisha akatia vidole mdomoni. Muulize kama alilamba kidole au kuonja chochote. Kama hapana, alale salama. Ubao kama ni wa mti uliopasuka pasuka mimi ningeununua mwingine.

Nahodha_Mstaafu (saa 12:40)

Mungu mkubwa. Sasa wazike wote wawili, shimo la kina, usiwatupe pwani wala jalalani, mbwa na paka na kunguru hawatasoma haya tunayoandika. Kabla hujazika piga picha, juu, tumbo na meno, upeleke KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi pale Mkomani, siku ukipita, wao ndo kazi yao kujua nini kinavuliwa wapi. Na wape picha hizo jamaa wa BMU yenu ya Junda, kile kikundi cha kusimamia ufuo na wavuvi, watoto wengi wanaanza kuvua hapo sasa.

Siku nyingine ukimtoa mzima kata mshipi umuachie mwenyewe aende. Usijaribu kuokoa ndoano. Lile domo linalokata shina la chuma kidole halikibakishi.

Na kuhusu siku yako kuwa nzito, wala usilaumu mkono wako. Tudor maji mafu na udongo wa mvua vikikutana samaki haoni chambo na harufu yake haiendi popote kwa sababu mkondo hakuna. Chaa na tafi wanataka maji yatembee. Ungoje bamvua la mwezi mwandamo, yale maji makubwa, wiki ijayo hii, maji yatajaa kama saa kumi jioni, wewe uwe ushatia nanga saa nane kwenye mdomo wa kile kijito kinachoingia mikokoni, si ndani, mdomoni, maji yakianza kupanda juu ya mizizi samaki wote wanapita hapo kwenda kula. Ndoano ndogo, chubwi jepesi, kamba umchune ganda. Na ukiona ndoano ya kwanza imekatwa safi hivyo, ng'oa nanga uhame. Wakishafika hao hapo hutapata kingine.

Kijana_wa_Mikindani (saa 12:52)

Kaka Chubwi naomba unisamehe kwa moyo wangu wote. Mimi ndo nlisema kolekole na nikakwambia ukaange. Sikuangalia, niliona tu neno fedha nikajibu. Ningekuwa nimekuua.

Chubwi_la_Tudor (saa 2:10 usiku)

Kijana usijali, hata mimi ndani ya hori nilikuwa nimefurahi ukubwa wake tu, sikumgeuza tumbo hata mara moja.

Dada, bi mkubwa hakulamba kitu, nimemuuliza mara mbili. Ubao nimeuchoma moto. Samaki nimewazika nyuma ya nyumba, shimo mpaka magotini, na juu nimeweka jiwe la kusagia la zamani kwa sababu ya paka. Picha ninazo.

Wale chaa wawili nimempelekea yeye, amewakaanga, na mwanangu kala huko na kijiko chake kama kawaida. Nahodha, hiyo wiki ijayo saa nane ntakuwa mdomoni mwa kijito, na nimemuomba ami anipe hori siku mbili.